Gari la Wananchi ni la Nani?

Desemba iliyopita nilishuka Ipinda jioni, nikiwa na begi moja na mfuko wa vitabu, nikamkuta mpwa wangu akinisubiri ili anifikishe nyumbani Matema. Mpwa wangu huyu ni dereva wa bajaji kwa mwaka wa nne sasa. Nilipanda, tukaondoka, na tulipokwisha kuyaacha maduka nikagundua kwamba ile haikuwa bajaji yake. Ya kwake ninayoifahamu ilikuwa ya buluu, na mgongoni alikuwa ameiandika jina la bibi yake, yaani mama yangu. Hii ilikuwa nyekundu.

"Ya kwako iko wapi?" nikamuuliza.

"Ilichukuliwa, mjomba. Hapa mimi ni deiwaka tu."

Alinisimulia habari yote njiani, akiinua sauti ili ishinde mngurumo wa injini. Bajaji ile ya buluu alikuwa ameichukua kwa mkataba, kama wafanyavyo vijana wengi. Mwenye mali ananunua chombo, kijana analeta hesabu ya shilingi 25,000 kila siku isipokuwa Jumapili, na miezi 18 ikitimia kadi inabadilishwa jina na chombo kinakuwa cha kijana. Mpwa wangu alikwisha lipa miezi 14 bila kukosa. Mwezi wa 15 aliteleza kwenye tope, akavunjika mkono, akakaa nyumbani wiki tatu. Bajaji yenyewe haikuharibika. Mwenye mali alikuja na vijana wawili na ufunguo wa akiba, akaondoka nayo.

Nilipiga hesabu kichwani nikiwa nimekaa palepale kwenye kiti cha nyuma. Siku 26 kwa mwezi, shilingi 25,000 kwa siku, miezi 14: shilingi 9,100,000. Mkataba mzima ulikuwa shilingi 11,700,000. Kijana alikuwa amelipa sehemu saba kati ya tisa za bei, na mkononi hakuwa na kitu hata kimoja. Makubaliano yaliandikwa kwenye daftari moja la shule, na daftari hilo lilikaa kwa mwenye mali. Alipokwenda kulalamika kijijini aliambiwa wakaelewane.

Tulipofika Matema, mlima wa Livingstone ulikuwa umekwisha ingia giza na ziwa lilikuwa limetulia. Nilishuka, nikazunguka nyuma ya chombo kuchukua begi langu, na macho yangu yakatua kwenye herufi mbili zilizobandikwa ubavuni: RE. Nilimuuliza kama anajua maana yake. Akasema ni jina tu la toleo. Kwa kweli si jina tu. Ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "injini nyuma". Bajaj wa India walianza na vyombo vyenye injini mbele, na mwaka 1977, mwaka uleule CCM ilipozaliwa na Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilipovunjika, wakaingiza sokoni toleo lenye injini nyuma. Herufi zile zimebaki mpaka leo.

Zilinikumbusha gari jingine la injini nyuma, na historia ya gari hilo ndiyo iliyonifanya niandike makala haya. Naamini yaliyompata mpwa wangu yaliwahi kuwapata watu wengine zaidi ya laki tatu katika nchi nyingine, kwa mpango mwingine, na kwamba kuna tunaloweza kujifunza kutokana na jinsi mambo yao yalivyokwisha.

Wasomaji wa rika langu wanalikumbuka gari lile lenye mgongo wa kobe. Nilipokuwa mtoto, miaka ya mwanzo ya 1970, barabara ya kutoka Ipinda kuja Matema ilikuwa ya udongo, na wilaya yetu ya Kyela ni moja ya sehemu zinazopata mvua nyingi mno nchini. Masika yakishika kasi, malori yalilala njiani. Lakini mchungaji mmoja alikuwa na Volkswagen iliyochakaa, na gari lile lilipita. Likikwama, sisi watoto tuliitwa kusukuma. Mara ya kwanza nilikimbilia mbele ili niione injini, mchungaji akafungua buti, nami nikaona gunia la mpunga na jozi ya viatu. Injini ilikuwa nyuma. Nilidhani ananitania.

Siri ya gari lile kupita kwenye tope ilikuwa hiyohiyo. Uzito wa injini ulikaa juu ya magurudumu yanayosukuma, yakashika ardhi pale ambapo gari jingine lingezungusha magurudumu bure. Tena injini ilipozwa kwa upepo, haikuwa na rejeta, na isiyo na rejeta haichemshi maji milimani. Silinda zake nne zililala mbili huku na mbili huku, na fundi mwenye spana chache aliweza kuishusha chini. Ndiyo maana mashindano ya magari ya Safari yalipoanza Afrika Mashariki mwaka 1953, Volkswagen ya Alan Dix na Johnny Larsen ndiyo iliyofanya vizuri kuliko magari mengi yenye nguvu kuliko hiyo, na gari la aina hiyo likashinda tena mwaka 1954, mwaka 1957 na mwaka 1962. Barabara zetu zilitoa ushahidi ambao hakuna tangazo la biashara lingeweza kuutoa.

Jina la gari hilo kwa Kijerumani maana yake ni gari la wananchi. Ni jina zuri, na lingefaa kabisa katika hotuba zetu za miaka ya Azimio. Lakini tukiuliza ni wananchi gani waliolipata na kwa njia gani, hadithi inabadilika.

Hata wazo lenyewe halikuwa la mtu mmoja. Mhandisi Josef Ganz, Myahudi aliyehariri jarida la magari nchini Ujerumani, alipigania kwa miaka mingi gari dogo, jepesi, la bei nafuu, lenye injini upande wa nyuma. Mwaka 1933 kampuni ya Standard ilionyesha mjini Berlin gari liitwalo Superior lililotokana na mawazo yake. Mwaka uleule alikamatwa, na baadaye akaikimbia nchi. Alifia Australia mwaka 1967. Huko Czechoslovakia, Hans Ledwinka wa kampuni ya Tatra alikuwa akitengeneza magari ya injini nyuma yanayopozwa kwa upepo, na kesi kati ya Tatra na Volkswagen ilimalizwa kwa fidia miaka mingi baada ya vita. Jina lililobaki vinywani mwa watu ni la Ferdinand Porsche, kwa kuwa yeye ndiye aliyepewa kazi na dola mwaka 1934.

Hitler aliagiza gari ambalo bei yake isingezidi Reichsmark 1,000, na ikapangwa iwe 990. Viwanda binafsi viliona bei hiyo haiwezekani. Kazi ikakabidhiwa chama cha wafanyakazi cha serikali, kile kilichoundwa baada ya vyama huru vya wafanyakazi kuvunjwa na mali zao kutwaliwa mwezi Mei 1933. Sehemu ya fedha za kujengea kiwanda ilitokana na mali hizo zilizotwaliwa. Naomba msomaji alizingatie hilo: gari la wafanyakazi lilianza kwa kuwanyang'anya wafanyakazi nyumba zao za vyama na akiba zao za michango. Jiwe la msingi liliwekwa mwezi Mei 1938.

Mpango wa kununua ulikuwa wa stempu. Mwananchi alipewa kadi, akawa ananunua stempu ya Reichsmark 5 kila wiki na kuibandika. Sisi tungesema haba na haba hujaza kibaba. Akiba yake haikupata riba, na hakuruhusiwa kujitoa apendavyo. Kadi zikijaa, angepata zamu ya gari. Watu wapatao 336,000 walijiandikisha. Mwaka 1939 vita vikaanza, kiwanda kikageuzwa cha magari ya jeshi na zana nyingine, na wafanyakazi wa kulazimishwa wapatao 20,000, wakiwamo mateka wa vita na wafungwa wa kambi, wakapitishwa humo. Magari machache ya kiraia yaliyotengenezwa yalikwenda kwa wakubwa. Mwenye kadi ya stempu hakupata hata moja. Fedha zao zilikuwa benki mjini Berlin, na vita vilipokwisha fedha hizo hazikuwapo tena.

Hapa ndipo ninapomwona mpwa wangu. Simlinganishi mwenye bajaji wa Kyela na Hitler. Huo ungekuwa upuuzi na dharau kwa waliokufa. Ninalinganisha muundo wa makubaliano. Katika yote mawili, mnyonge analipa kidogokidogo kwa muda mrefu, na kila anacholipa kinatoka mkononi mwake moja kwa moja. Umiliki hauji kidogokidogo pamoja na malipo, unangoja mwisho. Stempu ya kwanza haikumpa mtu hata parafujo ya gari, na stempu ya mwisho ingempa gari zima. Vivyo hivyo hesabu ya kwanza ya bajaji haimpi dereva hata tairi. Lolote likitokea kabla ya siku ya mwisho, iwe vita au mkono uliovunjika, hasara yote inamwangukia yeye, na aliyekuwa akipokea anabaki na vyote viwili, fedha na chombo.

Wenye kadi za stempu hawakukaa kimya. Baada ya vita walijikusanya, wakaenda mahakamani kuidai kampuni. Shauri lilichukua zaidi ya miaka kumi, likaisha kwa suluhu mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu: aliyekuwa na kadi alipewa punguzo la hadi mark 600 akinunua gari jipya, au fedha taslimu zisizozidi mark 100. Lilikuwa fungu dogo la bei ya gari la wakati huo, na wengine walikwisha kufa. Hata hivyo waliambulia kitu, kwa sababu mbili. Walikuwa wengi na wakasimama pamoja. Tena walikuwa na kadi, na kila stempu ilionekana. Wahenga wetu walikwisha sema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari; mpwa wangu alikuwa na daftari, ila lilikaa kwenye kabati la mtu mwingine.

Ni lini basi gari lile likawa la wananchi kweli? Kiwanda kilichobomolewa na mabomu kiliangukia mikononi mwa jeshi la Uingereza mwaka 1945. Ofisa mmoja kijana, Meja Ivan Hirst, alikifufua kwa oda ya magari 20,000 ya matumizi ya majeshi yaliyokuwa yakiikalia Ujerumani. Mwaka 1948 uongozi ukashikwa na Heinz Nordhoff, na kuanzia hapo magari yakatoka kwa wingi. Mwaka 1955 likatoka la milioni moja. Februari 1972 idadi ilivuka 15,007,034 na kuipita rekodi ya Ford Model T. La mwisho lilitoka Puebla, Mexico, Julai 2003, likiwa la 21,529,464.

Watu wengi husimulia ukuaji huo kama muujiza wa injini nzuri. Injini ilikuwa nzuri, lakini injini ileile ilikuwapo mwaka 1938 na haikumfikia fundi mwashi wala karani. Kilichobadilika ni mambo yaliyoizunguka. Vyama huru vya wafanyakazi vilirudi na mishahara ikapanda. Mnunuzi alipata risiti, kipuri na fundi aliyefunzwa. Hata swali la nani anakimiliki kiwanda liliamuliwa kwa sheria: mwaka 1960 kampuni ikageuzwa ya hisa, asilimia 60 wakauziwa wananchi, na serikali kuu na serikali ya jimbo la Niedersachsen kila moja ikabaki na asilimia 20. Unaweza kuusifu au kuukosoa mpango huo, lakini angalau uliandikwa na ulijadiliwa bungeni.

Kuna mfano mwingine wa mwaka 1938 ambao nadhani unatufaa zaidi. Mwaka uleule Ujerumani ilipoweka jiwe la msingi la kiwanda cha stempu, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria kuhusu watu wanaonunua vitu kwa malipo ya kidogokidogo. Aliyeipigania alikuwa Ellen Wilkinson, mbunge wa mji maskini wa Jarrow. Wafanyabiashara walikuwa na tabia ya kumwuzia mtu maskini samani kwa awamu, kungoja mpaka amekaribia kumaliza, kisha kumnyang'anya kwa kuchelewa malipo madogo na kumwuzia mwingine kitu kilekile. Sheria ile ikasema: mnunuzi akishalipa theluthi moja ya bei, mwenye mali haruhusiwi kuja kuchukua kitu bila amri ya mahakama.

Hapa Afrika Mashariki jirani zetu Wakenya walitunga sheria yao mwaka 1968. Kwa mikataba inayoangukia chini ya sheria hiyo, theluthi mbili ya bei ikishalipwa, mwenye mali anapaswa kwenda mahakamani. Hawezi kuja na vijana na ufunguo wa akiba. Nasi Tanzania tuna sheria ya ununuzi wa namna hiyo tangu miaka ya 1960. Je, kuna kijiwe cha bajaji, kuanzia Kyela mjini hadi Matema, ambako mtu mmoja amewahi kuisikia? Sheria yetu ya mikataba nayo inayatambua hata makubaliano ya mdomo. Lakini haki inayotegemea ushahidi wa mdomo, dhidi ya mtu mwenye kadi yenye jina lake, ni haki ya kwenye karatasi za chuo kikuu. Nimekuwa nikiifundisha kwa miaka mingi na sikuwahi kumwuliza mpwa wangu kama ana nakala.

Kwa nini jambo hili ni la kitaifa na si ugomvi wa watu wawili? Kwa sababu bajaji ndiyo gari la wananchi wa leo. Tumejaribu majina makubwa. Wakenya waliunda gari la Nyayo, Rais Moi akalizindua Kasarani Februari 1990, nalo halikufika sokoni. Sisi tulianzisha Nyumbu kule Kibaha. Waganda wanaendelea na Kiira. Volkswagen wenyewe wamerudi na kuunganisha magari Thika na Kigali. Ninaheshimu juhudi hizo zote. Lakini Jumamosi, siku ya soko la Lyulilo, wanawake wa Kikisi wanapoleta vyungu vyao kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vyungu hivyo vinapakiwa kwenye bajaji na kufungwa kwa nyasi visigongane. Mbasa na usipa vinapanda bajaji. Kakao inapanda bajaji. Mama mwenye uchungu usiku wa manane anapelekwa hospitali kwa bajaji. Hakuna aliyezindua chombo hiki kwa bendera, na hakuna waziri aliyekiita cha wananchi, na bado ndicho kinachowabeba.

Sera yetu juu yake imekuwa ya leseni na ya kukamata. Kanuni za mwaka 2010 ziliitambua bajaji na bodaboda kama usafiri wa abiria, na hilo lilikuwa jema. Leo LATRA inatoa leseni, polisi wanasimamia usalama, halmashauri zinakusanya ushuru wa maegesho, TRA inasajili kadi. Kila ofisi inamfahamu dereva pale anapotakiwa kulipa. Hakuna ofisi hata moja inayofahamu ana makubaliano gani na mwenye chombo, ingawa makubaliano hayo ndiyo yanayoamua aendeshe saa ngapi, apakie wangapi, na akimbie kiasi gani. Dereva anayepita taa nyekundu saa tatu usiku mara nyingi anakimbiza hesabu. Tunamlaumu kwa kukosa nidhamu, na pengine hana, lakini tusisahau aliye nyuma yake.

Najua wenye vyombo watasema nini, kwa maana baadhi yao ni marafiki zangu, walimu wenzangu na wauguzi, walionunua bajaji moja kwa mkopo wa benki ili kuongezea mshahara. Watasema kwamba wapo madereva wanaotoroka na chombo, wanaoleta visingizio kila Ijumaa, wanaorudisha bajaji ikiwa mifupa mitupu. Ni kweli. Mwenye chombo naye anahitaji ulinzi. Mwalimu aliyekopa anadaiwa na benki iwe dereva kaleta hesabu au hakuleta. Lakini mkataba ulioandikwa na kutunzwa mahali pa tatu unamlinda yeye pia. Asiyetaka kuandika, akitaka daftari likae kwake peke yake, huyo ana sababu nyingine.

Wengine watasema: ukiweka masharti mengi, watu wataacha kutoa bajaji kwa mkataba na vijana watakosa kazi. Hoja hii ni nzito na sitaki kuipuuza. Jibu langu ni kwamba Waingereza waliambiwa vivyo hivyo mwaka 1938, na biashara ya malipo ya kidogokidogo haikufa; iliendelea kukua baada ya vita. Biashara inayokufa kwa kulazimishwa kutoa nakala ya mkataba haikuwa biashara ya kuaminika tangu mwanzo.

Ninapendekeza mambo manne, na yote hayahitaji fedha nyingi.

Kwanza, pawe na hati moja ya mkataba wa bajaji na bodaboda, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili chepesi, yenye nakala tatu: ya mwenye chombo, ya dereva, na ya ofisi ya mtendaji wa kata. Malipo yaandikwe au yapitie simu, ili pande zote mbili zione. Wizara yenye dhamana inaweza kuiandaa hati hiyo kwa juma moja.

Pili, sheria iseme wazi kwamba dereva akishalipa nusu ya bei ya mkataba, chombo hakichukuliwi bila amri ya mahakama ya mwanzo. Nimechagua nusu, katikati ya theluthi moja ya Waingereza na theluthi mbili za Wakenya. Anayetaka kunibishia kiwango, karibu. Tusibishane kuhusu kanuni.

Tatu, mkataba utaje ugonjwa, ajali na msiba. Binadamu anayefanya kazi siku sita kwa wiki kwa miezi 18 ataugua. Siku za kuugua zisogeze mwisho wa mkataba mbele, zisiufute. Na chombo kikichukuliwa kwa haki, basi kikadiriwe thamani, deni likatwe, kinachobaki arudishiwe aliyelipa.

Nne, mikopo ya halmashauri ya asilimia kumi, yale mafungu ya nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, iwafikie madereva walio kwenye vikundi ili wanunue vyombo vyao wenyewe. Kikundi cha vijana watano wa Matema kinachomiliki bajaji mbili kina nguvu kuliko vijana watano wanaomlipa mtu hesabu kila jioni.

Wanafunzi wangu wa sheria na uchumi wanaosoma hapa, mnatafuta mada za tasnifu kila mwaka na kuniletea zilezile. Nendeni vijiweni. Kusanyeni mikataba hiyo ya kwenye madaftari, soma mmoja mmoja, utuambie ni mingapi inayofika mwisho na mingapi inakatika njiani. Mimi sijui, na sijakutana na ofisi inayojua. Wanaharakati, kampeni hii haihitaji maandamano. Inahitaji mashine ya kurudufu na mtu wa kusoma mkataba kwa sauti kabla haujatiwa sahihi. Nanyi watumishi wa umma, ninajua mnaofanya kazi katika halmashauri mnasoma hapa usiku. Ofisi ya mtendaji wa kata ina kabati. Haikatazwi na sheria yoyote kuweka nakala moja ya mkataba ndani yake kuanzia kesho asubuhi.

Nilirudi kazini Januari. Kabla sijaondoka nilikwenda na mpwa wangu kwa mwenye ile bajaji ya buluu. Alitupokea vizuri, tukanywa chai, akasema biashara ni biashara. Chombo alikwisha mpa kijana mwingine, kwa mkataba mpya, miezi 18, hesabu ileile. Nilimtazama kijana huyo mpya akiiosha pale uani, jina la mama yangu likiwa bado mgongoni mwa bajaji. Hatukurudishiwa kitu. Shauri tumelipeleka mbele, na kwa kuwa liko huko sitalizungumza zaidi.

Mwezi uliopita mpwa wangu amepata mwenye chombo mwingine, mama mmoja mwuza mchele wa Ipinda. Safari hii tuliandika ukurasa mmoja. Yule mama aliusoma mara mbili, akaongeza sharti moja la matengenezo ambalo mimi nilikuwa nimelisahau, akatia sahihi, mtendaji akagonga muhuri. Nakala ya kijana aliiweka kwa bibi yake, ndani ya sanduku lenye vyeti vya ubatizo.